Watoto, mifupa, usingizi, picha au moyo: ubingwa upi uchukue, na kwa nini malipo yanapishana

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, amemaliza intern, ule mwaka wa mafunzo ya kazi baada ya chuo cha udaktari, mwezi uliopita. Jumamosi alikuja kwangu Upanga, akala wali na samaki wa nazi, na sahani zilipoondolewa akatoa karatasi mfukoni. Alikuwa ameandika fani tano za ubingwa, moja chini ya nyingine: watoto, mifupa, ganzi na usingizi, radiolojia (kusoma picha za ndani ya mwili), moyo. Pembeni ya kila fani kachora alama za pesa. Moyo kaupa nne, mifupa nne, usingizi tatu, radiolojia tatu. Watoto, ambayo ndiyo kazi yangu kwa miaka tisa sasa, kaipa moja.

"Usikasirike dada," akaniambia. "Nataka kujua tu inakuwaje."

Sikukasirika. Ana deni la Bodi ya Mikopo litakalokatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi mara atakapoajiriwa. Ana mama aliyeuza vitenge Tandika ili yeye asome, na bado anataka kurudi darasani. Mtu wa namna hiyo akiuliza habari za pesa hana kosa. Kosa ni letu sisi wakubwa tunaomjibu kijana kwamba udaktari ni wito, kisha jioni tunawasha gari kwenda kupiga lokamu, zamu za kulipwa za pembeni, hospitali ya pili na ya tatu, bila kumwambia tunakwenda kutafuta nini. Kwa hiyo nimemjibu kwa maandishi, na walio njia panda kama yeye wasome pia.

Sio miaka ya kusoma

Jibu analopewa kila mtu ni kwamba fulani analipwa sana kwa sababu kasoma sana. Tulipime. Hapa kwetu MD, shahada ya kwanza ya udaktari, ni miaka 5, intern mwaka 1, halafu MMed, shahada ya ubingwa, ambayo kwa kawaida ni miaka 3. Mtu wa watoto, wa usingizi na wa radiolojia wote wanapita njia hiyo hiyo. Moyo ndio unaongeza: unachukua kwanza MMed ya magonjwa ya ndani au ya watoto, ndipo uende kwenye ubobezi wa miaka 2. Kama miaka ndiyo inayolipa, mimi na mtu wa radiolojia tungekuwa sawa. Hatuko sawa.

Marekani wanalionyesha jambo hili wazi zaidi, kwa sababu kule fani zinatofautiana sana kwa miaka. Daktari wa watoto anafunzwa miaka 3 baada ya chuo cha udaktari. Akitaka kubobea kwenye maambukizi ya watoto anaongeza mingine 3. Na baada ya miaka hiyo yote mara nyingi analipwa chini ya mwenzake aliyebaki daktari wa watoto wa kawaida. Kaongeza elimu, kapunguza kipato. Kwa hiyo hilo la miaka tuliweke kando.

Wala sio mshahara wa serikali. Ukiajiriwa serikalini, ngazi zako zinafuata daraja lako. Bingwa ni bingwa, awe anashika msumeno wa mifupa au anapima homa ya mtoto. Uingereza nao wako hivyo: bingwa wa NHS, huduma yao ya afya ya umma, analipwa kwa ngazi moja bila kujali fani, na kwa England mwaka 2024/25 ngazi hiyo ilianzia pauni 105,504 hadi 139,882. Tofauti kubwa zinaingia nje ya mshahara: kliniki za kulipia za jioni, sehemu yako ya malipo ya upasuaji, hospitali binafsi, na huduma za kulipia ndani ya hospitali za umma kama ule utaratibu wa IPPM pale Muhimbili. Unapolinganisha fani kwa mfuko, angalia mlango huo wa pili.

Watoto na mifupa: jioni moja, vyumba viwili

Jumanne moja jioni alikuja mama kutoka Mbagala na mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Mtoto alikuwa amepata degedege mara moja mchana, amepona, anacheza na kalamu yangu. Mama bado alikuwa anatetemeka. Nilikaa naye dakika 40. Degedege lilichukua muda gani? Lilishika mwili mzima au upande mmoja? Homa ilitangulia? Kuna mtu kwenye ukoo mwenye kifafa? Nikampima mtoto kuanzia utosi hadi nyayo, shingo nikaijaribu mara mbili. Kisha nikatandika khanga yake kitandani, nikamwonyesha jinsi ya kumlaza mtoto kwa ubavu, na kwa nini asimtie kijiko mdomoni. Jirani yake alikuwa amemwambia bila CT-Scan ya kichwa asirudi nyumbani. Nikamweleza kwa nini haihitajiki.

Kazi yote ya jioni ile ilikuwa kutofanya: sikupiga picha, sikutundika dripu, sikuandika dawa ya kuua bakteria. Ilinichukua miaka kujifunza kutofanya vile kwa utulivu. Kwenye bili ilitoka mistari miwili: kumwona daktari, na kipimo cha malaria.

Chumba cha pili alikuwepo mwenzangu wa mifupa. Asubuhi alikuwa amemtia msumari wa paja kijana wa bodaboda. Bili ya kijana ilikuwa na mpasuaji, msaidizi, usingizi, chumba cha upasuaji, msumari wenyewe, skrubu zake, eksirei kabla, eksirei baada, kitanda, na kliniki za kurudi. Kila kitendo kina jina na kila jina lina bei. Na mwenye mfupa uliovunjika habishani bei kama mwenye homa.

Tupige hesabu. Hizi ni namba za mfano tu, mkataba wako utakuwa na zake. Tuseme ada ya kumwona daktari ni shilingi 50,000 na mnagawana nusu kwa nusu na hospitali. Nikiona watoto 12 kwa dakika 20 kila mmoja, nimekaa saa nne na nimepata 300,000. Tuseme ada ya mpasuaji kwa msumari ni 1,200,000, naye anagawana vilevile. Kwa saa mbili kapata 600,000, na bado ana kliniki yake ya jioni. Yule mama wa Mbagala wa dakika 40 amenilia nafasi ya watoto wawili. Kadiri ninavyosikiliza zaidi ndivyo ninavyopata kidogo. Mfumo umepangwa hivyo kabla mimi sijazaliwa.

Kuna jingine ambalo vijana hawalifikirii. Kwa sera yetu, watoto chini ya miaka 5 na wajawazito wana msamaha wa gharama kwenye vituo vya umma. Ni sera njema, ningeipigia kura mara mia. Lakini maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya wagonjwa wangu wa serikalini hawaleti fedha inayoweza kugawanywa kwa idara yao. Wagonjwa wa mifupa wengi ni watu wazima, wengine wana bima ya kazini.

Marekani waliwahi kujaribu kuipima thamani ya kila kitendo cha daktari. Profesa William Hsiao wa Harvard na wenzake walitoa utafiti mwaka 1988, wakihesabu muda, akili inayotumika, ustadi wa mikono, na msongo wa kuhofia kumdhuru mgonjwa. Mwaka 1992 bima ya wazee ya serikali, Medicare, ikaanza kulipa kwa alama zilizotokana na hesabu hizo, na bima nyingine nyingi zikafuata. Lengo mojawapo lilikuwa kumwinua daktari anayekaa na kuongea na mgonjwa. Lakini alama zinarekebishwa kwa ushauri wa kamati ya madaktari ambamo fani za ubobezi zina viti vingi, na vitendo vya mikono viliendelea kupendelewa. Ripoti ya Medscape, tovuti ya habari za madaktari, ya mwaka 2023 iliweka wastani wa mwaka wa madaktari wa mifupa kwenye dola 573,000, wa moyo 507,000, na wa watoto 251,000. Usizichukue namba hizo kuja kuzitafuta Kariakoo. Chukua mpangilio wake, ambao mdogo wangu aliuchora kwenye karatasi bila hata kuusoma popote.

Kwa upande wa mifupa, kabla hujavutwa, jua unanunua nini. Utasimama saa tano ukiwa umevaa aproni nzito ya madini ya risasi ya kuzuia mionzi. Kidonda kikioza kitakufuata kliniki miezi sita na jina lako limeandikwa kwenye faili. Sehemu kubwa ya ile bili ndefu inakwenda kwa muuza vyuma, haikai mfukoni mwa mpasuaji. Na mwili una mwisho: mgongo wa miaka 55 hauvuti paja kama wa miaka 35. Mimi nitaona watoto mpaka nizeeke, nikiwa nimekaa.

Usingizi

Hapa ndipo nataka mdogo wangu aangalie vizuri, maana vijana wengi wanaipita fani hii wakidhani ni kazi ya kumchoma mtu sindano kisha kukaa pembeni.

Usiku mmoja niliitwa thieta, chumba cha upasuaji, kumpokea mtoto. Mama alikuwa anatoka damu, kondo limeachia, kila mtu anakimbia. Mimi kazi yangu ilikuwa kusubiri kwenye meza ya kichanga, taa ya joto imewashwa, mikono imeinuliwa. Kwa hiyo nilikuwa mtu pekee mle ndani mwenye nafasi ya kuangalia. Bingwa wa usingizi alikuwa kichwani kwa mama. Kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni kina mlio, tit, tit, tit, na oksijeni ikishuka mlio nao unashuka, unakuwa mzito. Dawa ya kulaza ilipoingia mlio ukaanza kuteremka. Wapasuaji hawakuinua macho. Yeye hakuangalia hata skrini, alikuwa anasikiliza. Mkono wa kushoto umeinua taya, wa kulia unapitisha mpira kooni. Njia haikuonekana. Akatoa, akampa hewa kwa mfuko mara nne taratibu, mlio ukapanda kidogo, akageuza kichwa cha mama kwa upana wa vidole viwili, akaingia tena. Safari hii ukapita. Mlio ukapanda ngazi kwa ngazi mpaka ukawa mwembamba kabisa. Nadhani yote hayo hayakufika dakika mbili. Nilipokea mtoto akilia.

Asubuhi familia ilileta matunda. Wakamshukuru mpasuaji, wakanishukuru na mimi. Yeye alikuwa ameshahamia thieta nyingine, na yule mama hajui hata sura yake.

Sasa linganisha na malipo. Kila upasuaji, uwe wa mifupa, uzazi, pua au tezi, bili yake ina mstari wa usingizi. Huhitaji kuwa na jina mjini, huhitaji wagonjwa wako mwenyewe. Wapasuaji wote wa Dar es Salaam ni wateja wako. Na mabingwa wenyewe ni wachache mno. Shirikisho la dunia la madaktari wa usingizi limeweka lengo la angalau madaktari 5 kwa kila watu 100,000. Sisi tuko mbali na hapo, na katika hospitali nyingi za wilaya anayelaza wagonjwa ni muuguzi au tabibu aliyepewa mafunzo ya usingizi, ambao wamebeba nchi hii mgongoni kwa muda mrefu. Hospitali binafsi inayotaka kufanya upasuaji mkubwa haina namna, lazima impate bingwa. Hapo ndipo mtu anapokuwa na sauti mbele ya mwajiri.

Ubaya wake upo. Unaitwa saa tisa usiku uvuke daraja kutoka Kigamboni, na saa moja asubuhi uwe Masaki. Malipo yako mara nyingi yanapita kwenye hesabu ya hospitali, ukishangaa unayafukuzia: rafiki yangu mmoja alidai hospitali fulani kwa miezi saba. Na kosa la usingizi halina kliniki ya kurudi. La kwangu mara nyingi lina kesho yake, mama atamrudisha mtoto nitaona dawa haikufanya kazi. La kwake linaisha ndani ya dakika nne. Nikiulizwa ni nani kati ya hawa watano anastahili kulipwa vizuri, namtaja yeye kwanza, kabla hata yangu.

Picha

Radiolojia nitaipita haraka, siishi ndani yake. Uzuri wake ni kwamba unasoma picha nyingi kwa saa moja, na kila picha ni malipo. Mashine za CT-Scan zimeenea kwenye hospitali za rufaa za mikoa, nyingi zikitokana na ule mpango wa UVIKO-19 wa shilingi trilioni 1.3 wa mwaka 2021, na wasomaji hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Picha ya mkoani inaweza kusomwa na mtu aliyekaa Sinza na kompyuta yake. Ukiwa na watoto wadogo nyumbani, hilo ni jambo kubwa.

Mdogo wangu anaogopa akili mnemba. Mwaka 2016 mwanasayansi Geoffrey Hinton alisema watu waache kufundisha wanaradiolojia, maana mashine itawapita. Miaka imepita, na Marekani bado inawatafuta kwa tochi. Mimi naogopa kitu kingine zaidi: aliyenunua mashine ndiye mwenye fungu kubwa, msomaji anapewa kilichobaki. Na kosa lako linahifadhiwa. Kivimbe ulichokiruka leo kitatolewa kwenye kompyuta baada ya miaka miwili, tarehe na jina lako vikiwa chini yake.

Moyo

Alama nne za mdogo wangu ni za kweli kwa mtu aliye ndani ya kathlabu, chumba kile cha kupitisha waya kwenye mshipa mpaka moyoni. Nje ya kathlabu, daktari wa moyo anaandika dawa za presha na kufanya EKO, kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, na kipato chake kinakaribia cha daktari wa magonjwa ya ndani. Mlinganishe na mwenzake wa kisukari na homoni. Wote walianzia MMed moja. Mmoja ana waya mkononi, mwingine ana kalamu, na wa kalamu anazuia miguu isikatwe na figo zisife. Bili haina mstari wa mguu ambao haukukatwa.

Kabla ya Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete kuanzishwa mwaka 2015, wagonjwa wengi wa kupasuliwa moyo tuliwapa rufaa ya India. Leo kazi kubwa inafanyika hapa Upanga. Lakini kathlabu ni chache, na hiyo ndiyo shida ya fani hii kwa anayechagua: umefungwa na jengo. Mtu wa usingizi akigombana na mwajiri anabeba begi lake. Wa moyo habebi kathlabu. Anayetaka kitu cha katikati atazame figo. Mgonjwa wa kusafishwa damu anarudi mara 3 kwa wiki, na kila kiti kina bei inayojulikana.

Uchache bila mlipaji

Nimetaja uchache mara kadhaa, na hapo kuna mtego. Marekani uchache umewekewa ukuta: sheria ya mwaka 1997 iliweka ukomo wa nafasi za mafunzo zinazolipiwa na Medicare, kwa hiyo fani zinazotamaniwa zina foleni ndefu na bei inabaki juu. Hapa kwetu bingwa wa watoto mkoani Katavi ni adimu kuliko wa moyo Upanga. Je, analipwa zaidi? Halipwi. Na kuna vijana wenye MD wako mtaani wanasubiri ajira wakati wodi zinawalilia. Uchache unageuka pesa pale tu penye mtu au bima ya kulipa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Ikifika kweli kwa mama wa Mbagala na wa Mpanda, hesabu ya fani yangu inaweza kubadilika kuliko ya fani nyingine yoyote kwenye ile karatasi, kwa kuwa wateja wangu ndio wengi na ndio wasiokuwa na kadi.

Ningekuwa wewe

Mdogo wangu, nimekuona ukiwa intern. Mikono yako haitetemeki, hupendi maneno mengi, na ukisifiwa unaona haya. Watu kumi na wawili kwa jioni moja wakikueleza habari za homa watakuchosha, na ukichoka utawakata maneno, na mama atatoka chumbani na kijiko chake bado mkononi. Kwa hiyo usije watoto kwa kunionea huruma mimi. Mifupa utaiweza, ila ulishaniambia goti lako la mpira wa chuo linauma ukisimama. Kwa mfuko, kwa uhitaji wa nchi na kwa tabia yako, mimi naweka usingizi mbele, figo nyuma yake.

Ila usichague kwa karatasi. Ada ya MMed ni yako mwenyewe kama huna mfadhili, na tofauti na Marekani ambako aliye mafunzoni analipwa mshahara, hapa usipokuwa na mwajiri utasoma miaka hiyo kwa kuunga unga. Ukiingia fani usiyoipenda mwaka wa pili utaujutia.

Nimeongea na yule bingwa wa usingizi. Ana zamu Ijumaa usiku na amekubali usimame pembeni yake, ameshakuombea ruhusa. Fika saa moja na nusu, uwe umekula, vaa soksi nzito maana thieta ni baridi. Usiangalie skrini sana, sikiliza mlio. Jumamosi asubuhi pitia kwangu, nitakuwa nimepika chapati, uje na karatasi yako na kalamu.